Masika ya Makopo ya Jabiri

Manzese, 2 Machi 1970

Anastasia amelazwa. Daktari kasema asinyanyuke kitandani mpaka mtoto azaliwe, na mtoto hatarajiwi kabla ya katikati ya Mei. Nimerudi nyumbani peke yangu na kanga zake za kufua kwenye kikapu. Daftari hili alilinunua yeye, la kuandikia mambo ya mtoto. Mara mbili tumenunua vitu vya mtoto na mara mbili tumevigawa kwa watu, kwa hiyo safari hii nimeona niliandike mie, jambo lolote tu, lisikae tupu mezani.

3 Machi

Joto la kuua. Nimekula mkate na chai.

5 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Mbinga. Salumu, mwenye nyumba wetu, alikwenda kumpokea mjini kwa lori lake, maana mie siwezi. Kaja na gunia la maharage, unga, karanga, na kuku mmoja mwekundu mwenye kiburi.

Sasa hapa pana kazi. Kwetu, katika ukoo wetu angalau, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawaitani majina, hawasemeshani. Nikimwona anakuja napisha pembeni, naye anajifunika kanga usoni. Na kula ndiyo usiseme. Mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na alie, mie sitii mdomoni kitu kilichotoka kwenye chungu chake. Wazee wanasema ukivunja mwiko huo, anayeumia ni mtoto. Zamani nilikuwa nawacheka. Baada ya kuzika mara mbili sicheki tena.

Lakini nyumba ni moja, uani ni mmoja, jiko ni moja! Somoe, mke wa Salumu, ambaye kwao ni Kisarawe na mambo yetu ya bara anayaona vituko, ndiye anayebeba maneno kati yetu. Leo jioni nilikuwa mlangoni, mama mkwe yuko kisimani, hatua chache tu.

"Bi Somoe," nikasema, "mwambie mama karibu sana, pole na safari."

Somoe akageuza shingo. "Mama, anasema karibu, pole na safari."

"Nimesikia," akasema mama mkwe. "Mwambie ahsante."

"Anasema ahsante. Enhe, shemeji, na wewe utakula nini miezi yote hii? Hewa?"

Somoe amejitolea kunipikia. Nimekataa. Si heshima kumtwisha mke wa mtu mzigo huo kila siku, na ana wanawe wanne.

9 Machi

Nimepata ufumbuzi, na una sura ya mtu maarufu. Duka la ushirika pale kazini limeleta makopo ya chakula kilichokwisha pikwa, yanaitwa Jiko la Jabiri. Ni yule yule Jabiri Kidevu, mwimbaji wa dansi ambaye redio haimalizi siku bila kumpiga. Kwenye kopo amevaa kofia nyeupe ya mpishi, ameshika upawa, anacheka meno yote nje, na chini yake pameandikwa: Fungua, Pasha, Burudika. Yapo ya makande na nyama, yapo ya maharage na nyama.

Bei yake, mama yangu! Kopo moja shilingi tatu. Polikarpo, tunayekaa naye meza moja stoo, alinishika mkono nikitoa pesa.

"Anselmo, unalipia chakula au unalipia hiyo picha?"

Nimemwambia mtu mwenye jina kubwa kama lile hawezi kulitia kwenye kitu kibaya. Nimenunua sita.

10 Machi

Makande ya Jabiri. Yanaanza na ladha ya bati, inafuata chumvi, halafu bati tena. Nyama ipo, kipande kimoja, nacho hakitafuniki. Nimemaliza kwa ajili ya bei.

12 Machi

Maharage ya Jabiri. Nusu nimemwekea kuku wa mama mkwe. Kanusa, kaondoka zake.

15 Machi

Jumapili. Hospitali. Anastasia amenona uso, mikono imekonda. Swali lake la kwanza: "Unakula?"

"Nakula vizuri. Nakula kwa Jabiri."

Alicheka huku ameshika tumbo, mpaka nesi akaja kumkemea. Nilifurahi kumwona anacheka. Sikumwambia kwamba jana tumbo lilinisokota nikajikunja uani kama mlevi.

17 Machi

Mvua ya kwanza, kubwa, na bati letu linavuja upande wa kabati. Somoe ameniita asubuhi na kunisema: "Shemeji, wewe unakula kitu cha baridi ndani ya kopo, ndiyo maana kinakudhuru. Kimeandikwa kipashwe. Niachie mie nikupashie."

Hilo siyo kumtwisha mzigo, ni kupasha tu. Nimekubali, ila nimemwomba kila siku aniletee na kopo tupu nilione. Siyo kwamba simwamini. Jiko ni moja na mama mkwe, vyungu vinaweza kuchanganywa, na mie sitaki mchezo na mwiko ule.

18 Machi

Lahaula! Kumbe ilikuwa kupasha tu!

Somoe ameleta sinia, sahani imefunikwa kawa, kopo tupu pembeni Jabiri akicheka. Makande yameiva mpaka yanapasuka. Mna karanga ndani. Mna kitunguu kilichochomwa kwanza kwenye majivu kama wanavyofanya kwetu. Nimelamba sahani, Mungu anisamehe, kama mtoto.

20 Machi

Ijumaa ya Kwaresima. Kopo limeandikwa nyama, lakini nimepekua sahani nzima sikuona nyama hata chembe. Nimeguswa. Jabiri ni Mwislamu, lakini amewakumbuka wanaofunga. Nimemweleza Polikarpo kazini, akaniangalia muda mrefu akaniuliza kama nalala vizuri.

23 Machi

Huyu Jabiri ana mtu wa Mbinga jikoni kwake, siyo bure. Kitunguu kile hakijifunzwi mjini. Au mama yake mwenyewe ni wa kwetu. Shilingi tatu ni haki yake. Hata nne.

29 Machi

Pasaka. Nimetoka kanisani moyo mweupe, nikaona siyo vizuri mie nile raha peke yangu na mama mkwe yuko hapo hapo. Nikachukua makopo mawili, nikayafunga kwa karatasi ya zawadi, nikampa Somoe.

"Mpe mama. Mwambie ni zawadi ya sikukuu. Mwambie tangu nizaliwe, ukiondoa mkono wa marehemu mama yangu, sijala chakula kitamu kama hiki. Na mwambie asiwe na wasiwasi juu yangu, Jabiri ananitosha."

Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia la jiko, kila neno analisikia. Somoe alijifunika mdomo kwa upande wa kanga, akatoka mbio mpaka barabarani, nikamsikia anakohoa huko kama amepaliwa. Baadaye mama mkwe akasema, taratibu: "Mwambie nimeshukuru. Mwambie nimeshukuru sana kusikia hivyo."

Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukielewa. Nadhani amechukia.

7 Aprili

Kuna jambo linanikera. Gunia la maharage lilikuja limejaa, sasa limefika nusu, na mama mkwe mwenyewe anakonda. Nilimwona kwa mbali akianika nguo, mikono imebaki mifupa. Mtu mmoja hawezi kula nusu gunia akakonda. Anagawa kwa watu? Au chakula cha nyumbani kwangu hakimshuki kwa sababu ni kwangu? Siku ya posa yetu alisema karani wa stoo si mume. Maneno hayo niliyasikia kwa watu, sijayasahau.

14 Aprili

Mvua.

15 Aprili

Mvua. Maharage ya Jabiri, matamu kuliko ya juzi.

19 Aprili

Anastasia kaniuliza mbona mama yake amekonda. Nimemwambia Dar haimpendi. Kaniambia, "Mwangalie mama yangu, Anselmo." Namwangaliaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama?

Nimerudi nikamtuma Somoe: "Mwambie mama ale. Watu watasema namtesa."

Jibu limekuja: "Mwambie nakula. Kila siku namaliza sahani yangu."

Nimeona ananijibu kwa kiburi. Nimelala na hasira.

4 Mei

Polikarpo naye kanunua kopo moja kwa ajili ya maneno yangu. Leo kalirudisha stoo nusu yake, akaliweka mezani kwangu mbele ya watu. "Kula wewe, mwenzio limenishinda." Nimemwambia hajui kupasha. Tumebishana mpaka mkuu wa stoo akatutoa nje. Watu wengine hawana ulimi, basi.

11 Mei

Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi simu ilipigwa kazini: Anastasia anatoka damu, wanampeleka kupasuliwa, mume aje. Nilikimbia kutoka kazini Ubungo mpaka Manzese kwa miguu kwenye mvua, mabasi yamesimama, watu wanasema Jangwani maji yamefunika barabara. Nilipoingia uani mama mkwe alikuwa jikoni. Nilisahau adabu yote. Nilisema mwenyewe, bila Somoe: "Mama, twende hospitali." Hakuuliza kitu. Alichota chakula kwenye bakuli la bati, akalifunga kitambaa, akajitanda kanga, akatoka nalo.

Salumu alitupakia kwenye lori. Mbele pana kiti kimoja kirefu: Salumu kwenye usukani, mie katikati, mama mkwe mlangoni amejifunika uso mzima, amejibana kwenye kioo ili bega lake lisiguse langu. Jangwani maji yalifika kwenye magurudumu katikati. Salumu alikuwa anasoma dua kwa sauti, mie Salamu Maria, na mama mkwe midomo inacheza chini ya kanga. Lori likakohoa mara mbili, likapita. Salumu, sitakusahau maishani.

Hospitali walinitoa damu, kwa sababu damu yangu na ya Anastasia ni aina moja. Kisha wakatuambia tukae barazani tusubiri. Pale pana nguzo nene, na benchi upande huu na benchi upande ule. Nikakaa huku, yeye akakaa kule. Hatuonani, ila namsikia anavyovuta pumzi. Somoe hayupo. Hakuna wa kubeba maneno.

Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri ikapita. Mlango ule haufunguki. Nilianza kuona giza machoni, na nesi aliyepita akasema, "Baba, umetoa damu, hujala, utaanguka hapa tukuhudumie na wewe. Kula kitu."

Sikuwa na kitu. Nje mvua inamwaga.

Ndipo upande wa pili nikasikia: "Nguzo, mwambie huyo aliyetoa damu ale." Na mkono ukazunguka nguzo, ukaweka kwenye benchi langu bakuli la bati lililofungwa kitambaa, ukarudi.

Nikasema, "Nguzo, mwambie mama siwezi. Mtoto hajalia."

"Nguzo, mwambie mwiko huo nimelelewa nao kabla yeye hajazaliwa. Najua unavyosema. Sasa nasema mie: ale. Akianguka, nani atamrudisha mwanangu nyumbani?"

Nilifungua kitambaa huku nalia. Nilikuwa na njaa na hofu, na sikujua ipi inanishinda. Nikatia tonge mdomoni.

Karanga. Kitunguu cha kuchoma kwenye majivu. Makande yaliyoiva mpaka yanapasuka.

Nikatafuna polepole. Nikameza. Nikasema, "Nguzo, hiki ni chakula cha Jabiri."

Nguzo ikajibu: "Jabiri hajui kupika."

Tangu Machi! Kila jioni, tangu Machi, nimekula chungu cha mama mkwe, na mtoto tumboni, na mie najisifu kwamba nashika mwiko! Nilisimama, nikasema kwa sauti, sikuizungusha kwa nguzo wala kwa mtu: "Mama! Mmeniulia mtoto!"

Watu barazani waligeuka. Mama mkwe hakusimama. Alisema, bado kwa nguzo, sauti imekauka: "Mwambie nilimwona uani amejikunja, ameshika tumbo kwa ajili ya makopo yale. Mwambie mwanangu kila nikienda ananiuliza, mume wangu anakula? Nikasema nikimwachia mwiko, mwanangu atarudi nyumbani akiwa mjane. Nikamwomba Mungu, kama kuna la kudaiwa, nidaiwe mie mzee, siyo mtoto. Na mwambie kama mwiko ungekuwa wa kuuma, ungeuma Machi. Mtoto amecheza tumboni miezi yote hii. Nimeweka mkono wangu, nimemsikia akicheza."

Nilikaa chini. Bakuli liko mapajani, chakula kinapoa. Nilitaka kukasirika zaidi, nikatafuta hasira sikuiona, nikaona tu yule mama upande wa pili wa nguzo, ambaye amebeba hofu hii peke yake tangu Machi, na mie namtumia salamu kwamba Jabiri ananitosha.

Nikala. Nikala yote, kwa makusudi, tonge kwa tonge. Nilisema moyoni, Mungu, kama ni kosa, sasa ni letu wawili.

Nilikuwa nafuta bakuli kwa kidole pale mlango ulipofunguka. Nesi yule yule. "Mume wa Anastasia? Mama ni mzima, amelala. Mtoto wa kike." Akatuona tunamkodolea macho, mmoja huku, mmoja kule. "Jamani, hamumsikii? Analia huyo!"

Tukamsikia. Sauti nyembamba, ya ukali, mtoto wa kugombana na dunia. Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja pale pale barazani, na nesi hakumkemea.

12 Mei

Mungu, ahsante. Leo sina la ziada.

24 Mei

Wamerudi nyumbani. Mvua imepungua, uani pananuka matope na sabuni ya mtoto. Anastasia anatembea ameshika ukuta, anacheka kila kitu. Kumbe alijua! Kumbe wote walijua, hata Salumu, hata wanawe wadogo.

Nimemwuliza Somoe kitu kilichokuwa kinanizunguka kichwani. Kila jioni nililetewa kopo tupu. Tupu kweli, limeoshwa. "Sasa chakula cha ndani mlikuwa mnamwaga wapi? Kuku hakili."

Somoe aliacha kupepeta mchele. "Kumwaga? Mama alikataa kisimwagwe. Alisema umekinunua kwa jasho lako, shilingi tatu, hakitupwi."

"Basi nani alikuwa anakula?"

"Nani atakula, shemeji? Alikuwa anakula yeye. Kila siku namaliza sahani yangu, hukumsikia? Nilimwambia mama, chota basi na makande yako kidogo. Akasema maharage lazima yafike Mei."

Nimeingia chumbani nikakaa kitandani. Anastasia kaniuliza nini. Nimemwambia mama yako ndiye mtu mwema kuliko wote niliowahi kuona, na mie ni mpumbavu. Akasema la kwanza alikuwa analijua.

31 Mei

Leo nimemwondolea mama pazia, kama inavyotakiwa mtoto akishazaliwa. Nimempa doti ya kanga na shuka, Salumu na Somoe mashahidi. Nilipiga goti, nikasema mwenyewe: "Shikamoo, mama."

Akafunua uso. Namwona kwa mara ya kwanza: ni Anastasia yule yule, ila amekonda mashavu, na mashavu hayo nimeyakondesha mie.

"Marahaba, baba," akasema. "Kumbe una macho mazuri."

Mtoto tumempa jina lake. Eufrazia. Nimeliandika hapa mara ya kwanza, na mkono haukukatika.

Kisha likaletwa sinia, pilau ya Somoe, kuku (yule mwekundu, kiburi kimemwisha), na makande. Kabla hatujanawa, niliingia jikoni nikatafuta kwenye rafu ya mama. Nilijua lipo. Kopo moja la zawadi ya Pasaka, bado limefungwa. Alilitunza kwa heshima yangu. Nikalifungua mbele ya watu wote, sikulipasha, nikachukua kijiko.

"Weee, shemeji, umerukwa na akili?" Somoe akapiga kelele. "Siku ya leo?"

"Hili ni langu. Mama kala yangu yote, niacheni nile hili moja."

Bati, chumvi, bati. Nilimeza kijiko cha kwanza machozi yakinitoka, na siyo kwa utamu. Anastasia alikuwa anacheka anashika mshono. Nikachota cha pili. Mama aliniangalia, halafu akavuta mkeka, akakaa mbele yangu, uso wazi, goti kwa goti, akanyoosha mkono.

"Lete kijiko."

"Mama, usile. Umekula vya kutosha."

"Lete, nimekwambia. Mtu hali peke yake."

Akala. Akatafuna ile nyama isiyotafunika, akaifikiria, akaimeza. Akachukua kopo, akamtazama Jabiri na kofia yake na meno yake yote nje.

"Nimekula kwa huyu kijana masika mazima," akasema. "Mwambieni aimbe tu."

Akachota tena, akanipa kijiko. Tulipokezana mpaka likaisha.